Aliye Majini Hasalimiwi

Mutwanga, tarehe 11 Mei 2025

Binti yangu Rébecca,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Habari za Butembo, habari za kazi ya kuuza dawa, na kile kikohozi chako kimeisha? Sisi huku ni wazima. Baba yako mdogo Muyisa ni mzima pia, mguu tu ndio unamsumbua kila mvua ikinyesha. Kakao imezaa vizuri mwaka huu. Mwili wangu hauna neno. Ila moyo, Rébe, moyo unachemka, ndiyo sababu nimempa Zorobabel barua hii aipeleke kwa pikipiki yake, maana mambo haya siwezi kuyapigia kelele kwenye simu ya jirani.

Unakumbuka fasi yetu ya kuogea, pale mto unapojikunja nyuma ya jiwe kubwa, penye mchanga. Pale nilikuosha ukiwa hujaota meno. Pale bibi yako alioga mpaka mwaka aliokufa. Tunatoka shamba, tunavua nguo, tunaingia majini, na hakuna aliyewahi kutuita wahuni, kwa sababu watu wa hapa wamefundishwa. Anayepita njia ya juu anakohoa, anaangalia miguu yake, anapita. Hata akiwa dada yako wa tumbo moja, aliye majini hasalimiwi. Mpaka atoke, avae, aite "Nimevala!" Hapo ndipo salamu zinaanza, na mnaweza kuulizana habari mpaka jua lizame.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa Beni, anaitwa Roger, ameleta viti vya plastiki na miavuli, akajenga kibanda cha bia, akasimamisha ubao umeandikwa PLAGE, yaani ufukwe wa starehe. Jumapili wakubwa wa ofisi wanakuja na magari kunywa na kula samaki. Sisi hatukusema neno. Jumapili tunawaachia, siku nyingine mto ni mto.

Alhamisi nilitoka kuvunja kakao, ute wake umenishika mpaka kwenye viwiko. Nikaingia majini peke yangu. Kuinua macho, kijana amesimama mchangani, viatu vinang'aa, ana kovu kidevuni na faili kwapani. Hakukohoa. Hakuangalia chini. Alinisalimu! Mimi niko kama siku niliyozaliwa, yeye ananisalimu.

"Bonjour mama. En principe, hapa ni plage publique, fasi ya watu wote. Mutu hapana kuoga bila nguo. Ni outrage aux mœurs, kuvunja adabu, sheria inakataza."

Nikamwambia, "Mutoto, geuka kwanza."

"En principe, miye niko mu kazi," akajibu, na hakugeuka. Akaniuliza jina nikiwa nimezama mpaka kidevuni, akaliandika. Halafu, Rébe, akaokota kikwembe changu juu ya jiwe, kile cha ndege wa bluu ulichonifunga kiunoni wewe mwenyewe siku ya Krismasi. Akasema ni preuve, ushahidi wa kosa, akaenda nacho. Aliniachia blauzi tu. Kuanzia kiuno kushuka nilijifunga majani ya migomba, mimi Kaswera, mjane wa mwalimu Lusenge, mwimbaji wa kwaya. Na saa hiyo watoto wa shule walikuwa wanatoka. Mdogo mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Nitaitwa Beni mbele ya hakimu. Jina la kijana huyo bado silijui, ila nimeapa mbele ya picha ya marehemu baba yako: atajuta. Sitaki pole ya mtu. Nataka aone aibu mpaka ashindwe kusimama mbele ya uso wangu maisha yake yote. Mchimba shimo hutumbukia mwenyewe.

Na yule mchumba wako wa kazi ya serikali, bado anakuja kujitambulisha mwezi wa nane? Mwambie ajifunze kukohoa.

Mama yako,
Kaswera

*

Butembo, Bulengera, tarehe 17 Mei 2025

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na baba mdogo nampa pole ya mguu. Kikohozi changu unakijua, kinaondoka kinarudi. Lakini barua yako ndiyo imenipa homa. Niliisoma nikiwa kazini, nikashindwa hata kuhesabu vidonge, mteja akaniuliza nani amekufa.

Mama, wakikutoza amende, usilipe faini yoyote. Nimemwuliza avocat mmoja, wakili anayenunua dawa kwetu. Anasema sheria inamkamata mtu anayejionyesha mbele ya watu. Wewe peke yako, nyuma ya jiwe, watu walikuwa wapi? Watu alikuwa yeye, tena amejileta. Nenda Beni. Mwache asimame, umwulize mbele ya wote aliona nini. Alitamke kwa kinywa chake! Kuandika ni rahisi, mkuki kwa nguruwe. Tuone kama atathubutu kulisema jambo hilo la mama wa mtu, wazi, watu wakimwangalia.

Nitafutie jina lake. Nikilipata nitampa mchumba wangu Cyrille, maana tangu mwezi wa nne kazi imempeleka upande wenu wa Beni na anawajua wakubwa. Yeye hapendi watu wanaoonea wazee. Akimtaja mama yake kule Kasai, sauti yake inabadilika.

Ndiyo, anakuja mwezi wa nane pamoja na wajomba zake. Nimemkataza asikutafute kabla ya hapo, ili mwonane siku yenyewe, kwa heshima.

Mtoto wako mwenye hasira,
Rébecca

*

Mutwanga, tarehe 24 Mei 2025

Binti yangu,

Salamu. Hapo umenifurahisha. Nilidhani mji umekulainisha, kumbe bado una pilipili ya nyumbani.

Karatasi ya kuniita imefika. Nitasimama mbele ya hakimu tarehe 26 Juni. Muyisa ameisoma mara mbili: aliyenishitaki anaitwa Tshibangu C. Mtu wa Kasai vilevile, kama mchumba wako. Mwulize, labda wanajuana, labda hata ni ndugu yake, tucheke.

Wanawake wameogopa, hawaendi tena mtoni. Wanaoga kwenye beseni nyuma ya nyumba, mmoja anashika shuka mwingine anajimwagia, kama wagonjwa. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko majani ya migomba. Mimi sijaoga vizuri tangu siku ile.

Maneno yako nimeyaweka kichwani: alitamke kwa kinywa chake. Kila usiku nayarudia baada ya rozari. Mungu anisamehe, siku nyingine nayarudia kabla.

Mama yako,
Kaswera

*

Butembo, tarehe 16 Juni 2025

Mama,

Nakusalimu. Unisamehe nimechelewa kujibu, kazi ilikuwa nyingi.

Nimefikiri tena. Tulipe amende hiyo, nitalipa mimi. Usiende Beni. Barabara si nzuri siku hizi, na wewe umri umekwenda. Jambo lenyewe ni dogo, liache lipite. Tafadhali usiniulize sababu.

Mtoto wako,
Rébecca

*

Mutwanga, tarehe 18 Juni 2025

Rébecca,

Salamu, na salamu inaishia hapo.

Jambo dogo? Nani amekushikia kalamu? Barua yako ya kwanza ilikuwa inawaka moto, hii ya leo ni ya mtu anayenong'ona mlangoni. Umri umekwenda, unasema. Umri huu umepanda mlima na mzigo wa kakao juzi, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako na feni.

Barabara naijua. Nimeipita wakati watu walikuwa wanakimbia vita, na nikaipita tena kurudi kuzika. Sitashindwa kuipita kwa ajili ya kikwembe changu.

Kama kuna mtu anakutisha, sema jina. Kama kuna mtu unamficha, sema jina lake upesi zaidi, maana mimi tarehe 26 nitakuwa Beni, mvua inyeshe isinyeshe.

Mama yako, ambaye hajabadilika,
Kaswera

*

Butembo, tarehe 21 Juni 2025

Mama yangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Hiyo C. ni Cyrille.

Nilimwuliza kama anamjua mtu anaitwa Tshibangu. Akacheka, "Tshibangu njo miye, chérie, ni jina ya baba." Nikamtajia Mutwanga, mto, Kaswera. Aliacha kucheka. Alikaa sakafuni, mama, mtu mzima mwenye suruali ya pasi, akashika kichwa. Kwao Kasai jambo hili ni zito hata kuliko kwetu. Kumwona mama mkwe bila nguo kunaweza kumhamisha mtu mji. Hakujua ni wewe. Mimi nilikuwa namwambia "mama" tu, jina lako sikulisema.

Amewapigia simu wazee wao, nami nilikwenda kwa bibi Kasonia hapa Bulengera, anajua desturi zetu. Wote wamesema neno moja. Lisiposemwa mbele ya watu, linaweza kuoshwa: analeta kikwembe kipya, anakiweka chini akiwa amekupa mgongo, wewe unakiokota, limekwisha. Lakini likitamkwa mbele ya watu, maji yamemwagika, hayazoleki. Hataweza tena kukaa fasi moja na wewe mpaka mmoja wenu azikwe.

Tarehe 26 atasema hakuona vizuri. Atakurudishia kikwembe chako, kesi itakufa. Nakuomba kitu kimoja tu: kichukue, nyamaza, rudi nyumbani. Sisemi alikuwa na haki. Alikudharau, na nimemwambia hivyo mpaka sauti ikakauka. Mwadhibu. Mlimishe shamba mwaka mzima, mpe majina yote unayoyajua. Ila usimtamkishe.

Nampenda, mama. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki.

Mtoto wako,
Rébecca

*

Mutwanga, tarehe 28 Juni 2025

Binti yangu,

Salamu. Mimi ni mzima sana, tangu Alhamisi chakula kina ladha. Ngoja nikusimulie mwenyewe kabla watu hawajakupikia maneno.

Tulipanda pickup, mimi, Muyisa na wanawake wa mto. Kwenye kizuizi askari alishangaa kuona mama wengi hivyo. "Munaenda wapi batu yote hii?" Muyisa akamjibu, "Tunaenda kushitaki macho ya mutu." Askari akafungua kamba bila kuomba hata sigara.

Mchumba wako alikuwa amefika. Ni kijana mzuri, sikatai. Alisimama akasema kama ulivyoniandikia: "En principe, sikumuonaka muzuri. Jua ilikuwa mu macho." Hakimu ni mama mwenye miwani, hana haraka. Alimwita Muyisa aeleze njia ya juu, kukohoa, kuangalia miguu, na ule ubao wa Roger uliosimamishwa juzi bila kuuliza mtu. Akasikiliza yote. Kisha akasema sheria inamwadhibu anayejionyesha mbele ya watu, na huyu mama alikuwa amejificha kwa watu wote, ameonwa na aliyeteremka kumtazama. Akafunga dossier. Kikwembe changu cha ndege wa bluu wakanipa mkononi. "Mama, unaweza kwenda."

Nilikuwa nimeshinda, Rébe. Barua yako ilikuwa ndani ya blauzi, na kila neno lake nililijua. Lakini nikamwona tena yule mtoto wa shule amekaa chini kwa kicheko. Miguu ilikataa kutoka.

"Bwana Tshibangu," nikasema, "mu karatasi uliandika uliniona. Leo unasema haukuniona muzuri. Uongo iko wapi? Uliniona ao haukuniona?"

Hakimu akainua kichwa, maana anayeandika uongo kwa jina la serikali naye ana kifungo chake. "Mujibu mama," akasema.

Kijana akaniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Siku hiyo alijua kuangalia chini. Nilidhani atakimbilia uongo. Akasema, "Nilikuona, mama. Unisamehe. Nilikuona."

Nikageukia watu. "Munasikia? Huyu njo anakuya kuoa mutoto yangu mwezi wa nane!"

Wanawake wakashika midomo. Askari wa mlangoni akavua kofia. Mchumba wako akapiga magoti, akatupa mgongo, akatoa ndani ya mfuko kikwembe kipya cha maua mekundu, akakiweka sakafuni nyuma yake. Nilikiacha pale pale.

Usiniambie nimekukosea. Nani aliandika "alitamke kwa kinywa chake"? Nimefanya ulivyonifundisha. Utalia kidogo, itapita. Kuna Jacob, mtoto wa katekista, mchapakazi, mpole, tena anajua kukohoa tangu utoto. Roger ameng'oa ubao wake, wanawake wamerudi mtoni, wanaimba. Jana nilikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, nikamwambia Mungu wasingya, asante.

Jibu upesi.

Mama yako aliyeshinda,
Kaswera

*

Mutwanga, tarehe 17 Agosti 2025

Binti yangu Rébecca,

Salamu. Habari za afya yako? Kikohozi hakijarudi? Muyisa anakusalimu. Mguu wake ni vilevile.

Zorobabel anasema barua ya mwezi wa sita alikupa mkononi. Anasema ulishukuru, ukaitia mfukoni bila kuifungua, ukamhudumia mteja. Ile ya mwezi wa saba nayo hivyo hivyo. Labda kazi ni nyingi.

Kuku niliyemfuga kwa ajili ya wageni wa mwezi huu tumemchinja leo, mimi na Muyisa. Nyama ilikuwa ngumu, tukaiacha.

Sisemi nilikosea. Nasema andika, hata tusi.

Mama yako,
Kaswera

*

Mutwanga, tarehe 5 Oktoba 2025

Rébe, mwanangu,

Nakusalimu popote ulipo. Sijui kama u mzima, na kuuliza siwezi kuacha.

Katekista ameniambia ulikuja Ijumaa kuchukua kadi yako ya ubatizo. Ameniambia ni ya ndoa, mwezi ujao, huko Kasai. Cyrille ameomba kazi ya kwao na amepewa. Nilifikiri jambo lile litavunja ndoa. Halivunji. Linakataza tu yeye na mimi kuwa fasi moja mpaka mmoja wetu azikwe. Ulikuwa umeniandikia, tena wazi, na mimi nilisoma nilichotaka kusoma. Niliapa ashindwe kusimama mbele ya uso wangu maisha yake yote. Nimepewa. Alipo yeye sitafika, na alipo yeye ndipo ulipo wewe.

Ijumaa hiyo nilikuwa majini pamoja na wenzangu. Nikasikia mtu anakohoa njia ya juu. Rébe, kikohozi kile nimekiuguza miaka mingapi? Nilikijua kabla ya kuona mguu. Ukateremka ukiangalia chini, ukafika kwenye jiwe, ukatupa mgongo, mkono wako ukaweka kitu juu ya nguo zangu. Ukapanda tena polepole. Wanawake waliniangalia mimi, hawakukuangalia wewe.

Nikawaambia, "Rébe iko na adabu. Mwenye kuwa mu mayi, hapana kumusalimia." Nilisema hivyo kwa sauti, nikacheka. Nilijua unangoja juu, nyuma ya migomba, kama nilivyokufundisha.

Nilitoka sijajikausha. Juu ya kikwembe changu kulikuwa na kile cha maua mekundu, kile cha sakafuni kule Beni. Nikajifunga hicho. Nikaita, "Nimevala!" Nikaita tena, nikaita mpaka wenzangu wakaanza kuangalia miguu yao. Nikapanda mbio. Njiani kulikuwa na alama ya pikipiki tu.

Barua hii nimempa mwalimu mmoja anayerudi kwao Kasai. Hakuahidi kitu. Wanawake wananiita majini, siendi, najimwagia maji nyumbani kwenye beseni. Mwambie Cyrille kikwembe chake nimekiokota. Kama wazee wanasema nimechelewa, mwambie hata hivyo. Ninacho mwilini hapa ninapoandika.

Nimevala, mwanangu. Unaweza kunisalimu.

Mama yako,
Kaswera